Furu wa Makobe, miiba-mitatu wa Paxton au mikia-upanga wa Hidalgo: uchague jozi ipi kuchunguza vizuizi vya uzazi?

Kwenye mwamba mmoja wa ziwa moja wanaweza kuishi samaki wa spishi mbili zilizoachana juzi tu kwa hesabu ya miaka ya dunia. Wanapishana kutwa nzima. Ukiwafungia pamoja kwenye tangi wanaweza kupandana, na watoto wa mchanganyiko wakakua na kuzaa bila shida. Hata hivyo, ukipima vinasaba vya samaki waliovuliwa pale pale mwambani unakuta koo mbili, na machotara ni wachache kuliko ambavyo ungetarajia. Kuna kinachozuia koo hizo zisirudi kuwa moja. Hicho ndicho kizuizi cha uzazi, na mara nyingi si kimoja bali ni vingi vinavyosaidiana.

Ulinganisho huu ni kwa mtu anayetakiwa kuchagua: mwanafunzi wa shahada anayetafuta mada, mwalimu anayetaka mfano mmoja wa kufundishia muhula mzima, au msomaji mwenye hamu ambaye hataki kutawanyika katika samaki ishirini tofauti. Nimechukua jozi tatu kwa sababu kila moja inaonyesha kizuizi kikifanya kazi mahali tofauti katika maisha ya samaki. Kwa furu wa Ziwa Victoria kipo machoni, kabla ya kupandana. Kwa samaki wa miiba mitatu wa maziwa ya Kanada kipo zaidi kwenye malisho, pale chotara anapotafuta chakula. Kwa mikia-upanga wa mito ya Mexico kimefika hadi ndani ya seli. Msimamo wangu nautoa mapema: chagua jozi kwa kuangalia kizuizi chake kinauma wapi, na umaarufu wa samaki uwe jambo la mwisho kabisa.

Mpangilio wa vizuizi, kwa ufupi

Vizuizi hupangwa kwa kufuata maisha yenyewe. Kwanza mahali: huyu anataga kwenye mawe, yule kwenye majani. Kisha wakati. Mfano mkali kuliko yote wa wakati ni samoni wa pinki (Oncorhynchus gorbuscha), anayeishi miaka miwili, akataga, akafa. Katika mto mmoja kunakuwa na ukoo unaotaga miaka shufwa na ukoo unaotaga miaka witiri, na samaki wazima wa koo hizo hawakutani mtoni. Baada ya wakati huja uchaguzi wa mwenzi, kwa macho, kwa pua, kwa sauti au hata kwa umeme. Halafu yai na mbegu ya dume: vinakubaliana? Mwisho ni watoto wenyewe: wanaishi, wanapata chakula, wanapata wenzi, wanazaa?

Jambo ambalo wanaoanza hulisahau ni kwamba kizuizi cha mapema hubeba sehemu kubwa ya kazi. Chukua makutano 100 ambayo yangeweza kuleta machotara. Uchaguzi wa mwenzi ukizuia 90, yanabaki 10. Kizuizi kinachofuata, hata kikiwa na nguvu ile ile ya asilimia 90, kitazuia 9 tu. Nguvu zao ni sawa, lakini mchango wa kwanza ni mara kumi ya wa pili. Ndiyo maana mtu anayepima utasa wa machotara katika samaki ambao porini hawapandani kabisa anaweza kuwa anapima jambo la kweli lenye mchango mdogo sana leo. Geuza hesabu hiyo uone upande wake wa pili: cha mapema kikivunjika, mzigo wote unaangukia kilicho nyuma yake, kama kipo. Hapo ndipo jozi zetu tatu zinapoachana.

Furu: kizuizi kilicho machoni

Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei ni furu wa miambani. Wa pili alipewa jina la Mwalimu Julius Nyerere alipoelezwa kisayansi mwaka 1985. Dume wa kwanza ni wa buluu iliyochanganyika na kijivu. Dume wa pili ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Majike wa pande zote mbili wana rangi hafifu ya manjano yenye vumbi, na kuwatenganisha kwa macho ni kazi. Kwenye kisiwa cha Makobe, upande wa Mwanza, ambako maji ni maangavu kuliko sehemu nyingine za karibu, wa buluu hukaa juu na wekundu hukaa chini zaidi, lakini maeneo yao yanaingiliana.

Mwaka 1998 Ole Seehausen na Jacques van Alphen walichapisha jaribio ambalo kwa urahisi wake sijaona la kulizidi. Majike waliwekwa mbele ya madume wa rangi zote mbili chini ya mwanga mweupe, wakaelekea kwa madume wa spishi yao. Kisha mwanga ukabadilishwa ukawa wa rangi ya chungwa, ambao unaifanya tofauti ya buluu na nyekundu ipotee. Upendeleo ukatoweka. Samaki ni wale wale na tangi ni lile lile. Kilichobadilika ni taa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Seehausen, van Alphen na Frans Witte walikuwa wameonyesha jambo hilo hilo kwa upana wa ziwa: pale maji yalipo maangavu, furu wana rangi kali na spishi ni nyingi, pale maji yalipojaa tope na mwani kwa sababu ya rutuba iliyozidi kutoka mashambani na kwenye makazi ya watu, rangi zinafifia na spishi zinapungua. Hili lilikuwa jambo zito. Kabla ya hapo lawama karibu yote ya kupotea kwa furu ilibebwa na sangara, na ni kweli sangara alikula furu wengi mno katika miaka ya 1980. Lakini maji machafu yana njia nyingine ya kufuta spishi: hakuna samaki anayelazimika kufa. Inatosha jike asimtambue dume wake, na vizazi vichache baadaye koo mbili zimekuwa moja.

Mwaka 2008 ndipo picha ilipokamilika. Chembe zilizo kwenye maji ya Ziwa Victoria hunyonya mawimbi mafupi ya mwanga, yaani buluu, kwa hiyo kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga unavyozidi kuwa mwekundu. Furu ana jeni inayoitwa LWS, inayotengeneza opsini, protini ya jicho inayopokea mawimbi marefu. Wanaoishi juu wana aleli moja, yaani toleo moja, ya jeni hiyo, wanaoishi chini wana nyingine iliyosogea upande wa nyekundu. Sasa fuata mnyororo: jicho linazoea kina, jike wa kina hicho anaona nyekundu vizuri zaidi, dume mwekundu anapendwa, na dume huyo anaishi kina hicho hicho. Kizuizi cha mahali na kizuizi cha uchaguzi vimefungwa pamoja na mwanga mmoja.

Uzuri wa furu kwa mtafiti ni kwamba visiwa vyenyewe vimepangwa kama jaribio. Makobe maji ni maangavu na spishi mbili ziko wazi. Kwenye visiwa vya Python maji yana ukungu zaidi, aina mbili bado zinatambulika, lakini zinakaribiana. Luanso maji ni ya tope, na kuna kundi moja tu lenye rangi za kila namna kati ya buluu na nyekundu. Unaweza kuchukua kipimo kile kile kisiwa kimoja baada ya kingine ukaona kizuizi kikipungua hatua kwa hatua.

Hapa natoa onyo. Uchunguzi wa jenomu nzima, yaani DNA yote ya samaki, uliochapishwa mwaka 2017 na Joana Meier na wenzake ulionyesha kwamba jozi ya Python si tawi la jozi ya Makobe. Inaonekana P. nyererei walifika huko, wakachanganyika na wa buluu waliokuwapo, na kutoka katika mchanganyiko huo zikatoka tena aina mbili, moja ya juu na moja ya chini. Mtu anayesoma makala za zamani atakuta majina ya Makobe yametumika kwa samaki wa Python. Siku hizi wa Python huandikwa kama aina zinazofanana na pundamilia na nyererei. Ukichagua furu, hakikisha kila sampuli yako ina jina la kisiwa kabla ya jina la spishi.

Na machotara? Maabara imeonyesha kwamba wanaishi na wanazaa. Tofauti ya uhai imeonekana kwa njia nyingine: samaki waliolelewa chini ya mwanga wa kina kisicho chao hawakuishi vizuri kama waliolelewa kwenye mwanga wa kwao. Kwa hiyo nyuma ya uchaguzi wa mwenzi kuna kizuizi cha pili, lakini nacho kinategemea mwanga. Ukiuondoa mwanga, vyote viwili vinaondoka.

Kwa kazi ya tangi, furu wana faida moja kubwa: jike hubeba mayai na watoto mdomoni kwa takriban wiki tatu. Badala ya kuhesabu mara ngapi jike amesogelea kioo cha dume fulani, unamwacha azae. Gawanya tangi kwa wavu wenye matundu yanayompitisha jike mdogo na kumzuia dume mkubwa, kila dume akae chumba chake, kisha chukua watoto kutoka mdomoni mwa jike na upime DNA kujua baba. Napendelea kipimo hiki kuliko vyote vya upendeleo, kwa sababu kinapima kizuizi chenyewe. Kusogea si kupandana.

Miiba-mitatu: kizuizi kilicho kwenye malisho

Samaki wa miiba mitatu (Gasterosteus aculeatus) ni wa baharini kwa asili. Barafu ilipoyeyuka mwishoni mwa zama za barafu, walinaswa kwenye maziwa machanga ya British Columbia. Katika maziwa machache, Paxton na Priest yakiwa mashuhuri zaidi, kuna aina mbili pamoja: mnene mwenye mdomo mpana anayekula wadudu na konokono pembezoni mwa ziwa, na mwembamba anayekula planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea, kwenye maji ya wazi. Umri wote wa jozi hizi hauzidi miaka 13,000 hivi.

Uchaguzi wa mwenzi upo hapa pia. Dume hujenga kiota kwa majani anayoyagandisha kwa gundi inayotoka kwenye figo zake. Wanene hujenga kwenye majani mengi, wembamba mahali pa wazi. Jike huangalia ukubwa wa mwili wa dume, rangi na harufu. Mwaka 2000 Howard Rundle, Dolph Schluter na wenzao walionyesha jambo linalostahili kukaa darasani daima: jike mnene wa ziwa moja humkubali dume mnene wa ziwa lingine ambaye hajawahi kumwona yeye wala mababu zake, kuliko dume mwembamba wa ziwa lake mwenyewe. Mazingira yanayofanana yalizaa kizuizi kinachofanana, mara zaidi ya moja, kila ziwa kivyake. Hakuna ushahidi ninaoupenda kuliko huo wa kwamba uteuzi wa asili unaweza kujenga spishi.

Lakini sababu ya kumchagua samaki huyu ni machotara. Ukiwalea maabara na kuwalisha vizuri, huoni tofauti: wanakua, wanazaa. Waweke ziwani, na hapo hali inabadilika. Chotara ana mdomo usio mpana wala mwembamba, mwili usio mnene wala mrefu. Pembezoni anashindwa na mnene, katikati anashindwa na mwembamba, na ukuaji wake unazorota pande zote mbili. Hana ugonjwa wowote. Alichokosa ni mahali pa kula. Mtu akitaka kuelewa maana ya kizuizi kinachotokana na ikolojia, kisichotokana na jeni kugombana, hapa ndipo pa kuanzia.

Na hapa pia kizuizi kimeonekana kikivunjika. Ziwa Enos, kwenye kisiwa cha Vancouver, lilikuwa na jozi kama ya Paxton. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walitokea ziwani kamba wa maji baridi aina ya Pacifastacus leniusculus, na tafiti zilizofuata zikakuta aina mbili zinayeyuka kuwa kundi moja la machotara. Kamba hao huharibu mimea ya majini, na mimea ndiyo viota na malisho ya wanene. Ziwa Hadley lilipata pigo kubwa zaidi: kambare wa kigeni waliingizwa na jozi nzima ikatoweka. Jozi zilizobaki zinalindwa na sheria ya Kanada kama samaki walio hatarini, kwa hiyo kibali cha kuwachukua porini si jambo dogo. Anayetaka kujifunza mbinu anaweza kuanza na miiba-mitatu wa kawaida wa baharini au mitoni, ambao ni wengi katika kaskazini yote ya dunia.

Kwa mbinu, hakuna anayewashinda. Unakamua mayai ya jike kwenye kisahani, unachanganya na mbegu ya dume, na umepata mzao wa wazazi uliowataka. Hivyo unaweza kutengeneza chotara wa kizazi cha kwanza, cha pili, na waliorudishwa kwa mzazi mmoja, wote kwa idadi unayoipanga. Gharama yake ni kalenda: huzaa kwa msimu, na ukikosa msimu unasubiri mwaka, isipokuwa una chumba cha kudhibiti joto na urefu wa mchana.

Mikia-upanga: kizuizi kilicho ndani ya seli

Katika mito ya jimbo la Hidalgo, Mexico, Xiphophorus malinche hukaa sehemu za juu zenye baridi na Xiphophorus birchmanni sehemu za chini zenye joto. Kati yao kuna maeneo ambamo samaki wengi ni machotara. Jina la mkia-upanga linatokana na mkia wa madume wa spishi nyingine za jamii hii. Dume wa birchmanni upanga wake ni mfupi mno au haupo.

Kizuizi chao cha mapema ni pua. Heidi Fisher, Bob Wong na Gil Rosenthal walionyesha mwaka 2006 kwamba majike wa birchmanni kwenye maji safi hufuata harufu ya madume wao, lakini kwenye maji ya mto yaliyopokea maji taka na mtiririko wa mashamba upendeleo huo unapotea. Asidi ya humiki, inayotokana na mimea iliyooza, ikiwa nyingi inatosha kuleta hali hiyo. Angalia jinsi hadithi inavyofanana na ya furu, ingawa huku ni harufu na kule ni rangi.

Tofauti inaanzia hapo. Machotara walipojaa, kilichofuata hakikuwa kuyeyuka kabisa. Sehemu fulani za jenomu zimegoma kuchanganyika. Mwaka 2020 Daniel Powell, Molly Schumer na wenzao waliripoti kwamba chotara akirithi jeni ya xmrk kutoka birchmanni pamoja na aleli ya jeni nyingine, cd97, kutoka malinche, anaweza kupata melanoma, saratani ya seli za rangi, inayomla mkia. Jambo la namna hii lilijulikana kwa samaki wa mapambo wa jamii hii tangu miaka ya 1920, lakini kulikuta porini, kwenye machotara wa asili, ni hatua nyingine. Mwaka 2024 kundi hilo likaripoti jambo zito zaidi: chotara mwenye mitokondria za malinche na jeni za birchmanni katika ndufs5 au ndufa13, zinazotengeneza vipande vya mtambo wa kwanza wa nishati ndani ya mitokondria, hushindwa kuishi. Vipande vya pande mbili havifungani vizuri, na machotara wengi wa namna hiyo hufa kabla hawajazaliwa.

Hiki ndicho kizuizi ambacho hakijali taa wala harufu wala mimea. Mto ukiwa safi au mchafu, mitokondria ile na jeni ile haviendi pamoja. Kimejengwa polepole, na hakiondoki kwa msimu mmoja wa tope.

Ugumu wake kwa mwanafunzi ni wa aina mbili. Majike huhifadhi mbegu za madume, kwa hiyo jike aliyevuliwa mtoni anaweza kuzaa watoto wa dume ambaye humjui. Kwa mazao ya uhakika unahitaji majike waliotengwa kabla ya kukomaa. Na maswali mazuri yaliyobaki karibu yote yanahitaji kusoma jenomu za samaki wengi na mtu wa kukusaidia takwimu. Faida yake ni kwamba wanazaa watoto hai, wanavumilia tangi, na chotara mmoja wa porini amebeba ndani yake jaribio la vizazi vingi ambalo hukulipia.

Ukiziweka bega kwa bega

Kama swali lako ni namna koo mbili zinavyoanza kuachana bila kutengwa na milima wala mito, furu wanashinda bila mpinzani wa karibu kati ya hawa watatu. Ziwa lenyewe lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na ndani ya muda huo zikapatikana spishi mia kadhaa. Kama swali lako ni kwa nini chotara mwenye afya njema hafiki popote, nenda kwa miiba-mitatu. Kama ni nini kinachobaki pale uchaguzi wa mwenzi ukishindwa, nenda kwa mikia-upanga. Kwa swali hili furu watakusumbua bure, kwa sababu majibu yao ni mafupi: kinabaki kidogo.

Vifaa navyo viamue. Furu wanadai kipimo cha mwanga kinachotenganisha mawimbi, na taa unazoweza kuzidhibiti. Maabara yenye taa za dari za kawaida itakupa majibu ya uongo bila wewe kujua. Miiba-mitatu wanadai mabwawa ya nje au vizimba vya ziwani, kwa kuwa kizuizi chao kikuu hakionekani kwenye tangi. Mikia-upanga wanadai kompyuta na DNA. Mwalimu wa shule asiye na chochote kati ya hivyo afundishe furu kwa jaribio la taa ya chungwa: kipande cha plastiki ya rangi hiyo na picha mbili za samaki vinatosha kuonyesha kilichotokea, na mwanafunzi halisahau.

Wengine ninaowaheshimu lakini sikuwaweka mbele: Astatotilapia calliptera wa ziwa la volkano la Massoko, Rungwe, ambako aina ya juu na aina ya kina kirefu zimeachana kwa takriban miaka 1,000 tu, na bado zinabadilishana jeni. Ni ziwa dogo, aina mbili tu, na kwa mtu wa Tanzania anayetaka kazi safi ya jenomu huenda likamfaa kuliko Victoria yenye mamia ya spishi. Hamleti wa Karibi (Hypoplectrus) hupandana jioni kwa jozi, karibu daima rangi kwa rangi, lakini mayai yao huelea baharini, na kulea watoto wao ni mateso. Jamii ya domodomo wa mto Ivindo, Gabon, hutambuana kwa mipigo ya umeme; ni ulimwengu wa kuvutia mno, ila anza huko ukiwa tayari na vifaa vya kurekodi umeme na mtu aliyekwisha kuvitumia.

Aliye kati ya furu na miiba-mitatu na hawezi kuamua, nitamshauri furu, kwa masharti mawili. La kwanza, apange kupima kizuizi zaidi ya kimoja kwa samaki wale wale: kina wanachokaa, uchaguzi kwa kupima baba wa watoto, na uhai wa machotara chini ya mwanga wa juu na wa chini. Kipimo kimoja kinampa makala. Vitatu vinampa hesabu ya nani anabeba mzigo gani, na hiyo ndiyo hesabu inayokosekana kwa jozi nyingi. La pili, aende na uharaka. Uangavu wa maji karibu na visiwa hivyo haujaahidiwa na mtu yeyote, na kila kisiwa kinachoungana na hali ya Luanso ni hatua moja ya jaribio ambayo haitarudiwa. Kibali cha utafiti kiombwe mapema, na siku ya kwanza kisiwani, kabla ya kutega ndoana hata moja, ashushe kipima-mwanga majini na kuandika kila mita anachokiona.